Mtu wa Nne

Mimi nchi za watu sizisemi. Ukinisikia nataja Shwari, ujue ni Shwari hiyohiyo, nchi ya mbali, huifikii kwa miguu wala kwa ndege, na wewe uliyeanza kutazama nyuma yako kabla hata sijafika popote, tulia, haikuhusu. Viongozi wake wote ni watu wazuri. Nalisema hilo mapema lisije likasahaulika huko mbele.

Kwetu ni mtaa wa Sufuria Mbili. Kwa nini unaitwa hivyo ni kisa cha mke mkubwa na mke mdogo, mtu yeyote wa pale atakupa, na chumvi atatia mwenyewe. Mimi nina nyumba ya vyumba sita, wapangaji watano, na barazani nakaanga vitumbua, kwa hiyo kwangu hapakauki watu. Habari yoyote ya Sufuria Mbili hupita kwangu kwanza, ikanywa chai, ndipo iende kwa mwenyewe. Wananiita Mama Sikudhani, kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Tulikuwa na desturi ya yowe. Mtu akipiga yowe, unakwenda. Huulizi ni nani, hukumbuki kama mmenuniana, unakwenda na kilicho mkononi. Na tulikuwa tunayajua kwa sauti. Yowe la moto lilikuwa fupifupi. La nyoka lilikuwa moja, kali, halafu kimya. La msiba lilipanda mpaka juu kisha likavunjika. Nimewahi kumwona mtu kafika kwenye moto shavu moja limenyolewa, jingine lina povu, na nyuma yake mzee Sudi kinyozi anakimbia na wembe, maana mteja ni wake na kazi hajamaliza. Asiyekwenda kwenye yowe la mwenzake, siku yake ya kufa ataoshwa na watu wa kukodi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na hivyo ndivyo tulivyomuua Ladislaus.

*

Ladislaus alikuwa fundi feni. Kijana mpole, mwembamba, ana mtoto mmoja wa miaka minne, anaishi na mama yake, Bi Valeria, mshonaji wa sare za shule. Mke alikuwa amekwisha rudi kwao na hakuonekana tena. Siku hiyo Mwalimu Kibwana alimwambia, "Pita mlango wa uani uchukue feni yangu, mimi nakwenda kununua mkate." Ladislaus akatoka uani na feni begani. Mtu akapiga yowe la mwizi.

Nani alipiga? Mpaka leo hajulikani. Wengine wanasema ilikuwa sauti ya kike, wengine ya kiume, na mpangaji wangu mmoja anashikilia kuwa ilikuwa redio.

Tulifika wote. Mimi nilitoka mbio hatua zaidi ya mia mbili, na mwili huu. Ladislaus alikuwa anasema jina lake. Jina lenyewe tulikuwa tunalijua, feni zetu zote kazitengeneza yeye, ila kila mtu alikuwa anapiga kelele na aliye nyuma alikuwa anamsukuma aliye mbele. Mwalimu Kibwana aliporudi alisema, "Huyo ni fundi wangu." Alisema polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni. Mkate aliokuwa nao ulikuwa bado wa moto.

Polisi walikuja wakatuhoji mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na upawa. Upawa haujawahi kuua mtu. Mzee Sudi alikuwa na kitana. Wapangaji wangu walikuwa na ndala, na mmoja alikuwa anamenya kitunguu. Kwa hiyo kwa mujibu wa maelezo yetu, ambayo yote ni ya kweli, Ladislaus aliuawa na upawa, kitana, ndala na kitunguu. Jalada likafungwa.

*

Bi Valeria hakutulaani. Afadhali angetulaani. Alikaa arobaini yake, siku ya arobaini na moja akamvalisha mjukuu wake Tekla gauni, akamshika mkono, wakaenda Wizara ya Usalama wa Umma. Walikaa mapokezi siku tisa. Siku ya kumi waziri akapita akielekea chooni, akawaona.

Waziri alikuwa Mheshimiwa Gaudensi Tumbikwa, mtu mwenye moyo wa huruma na leso tatu za kufutia machozi, moja kwa kila kamera.

"Mama, unataka fidia?" akamuuliza.

"Hapana, baba."

"Unataka waliomuua wanyongwe?"

"Ni majirani zangu. Nataka watu wakifika, wamtazame mtu usoni kwanza. Basi. Hilo tu."

Waziri akalia leso ya kwanza. Akaunda kamati. Kamati ikasafiri nchi tatu kuchunguza jinsi watu wa huko wanavyotazamana usoni, ikarudi imenenepa, na ikaleta ripoti kwamba kumtazama mtu usoni ni jambo gumu kulitungia sheria, ila kuhesabu ni rahisi. Ndipo ikazaliwa Sheria ya Watatu.

Tulikusanywa uwanjani kuisikia. Waziri alipanda jukwaani akasema:

"Ndugu wananchi. Wataalamu wetu wamegundua kwamba mtu mmoja hawezi kuwa kundi. Wawili ni marafiki. Watatu ni kamati. Lakini wanne, ndugu zangu, wanne ni ghasia."

Tukapiga makofi.

"Kuanzia leo, yowe likipigwa, waitikie watu watatu. Watatu tu. Mtu wa nne ni mhalifu. Kuna wanaosema tunaminya uhuru. Nawajibu: uhuru bila sheria ni mbuzi bila kamba, na sheria bila uhuru ni kamba bila mbuzi. Serikali yenu sikivu imeanza kwa kuwapa kamba. Mbuzi yumo katika mpango wa miaka mitano."

Na anayepiga yowe naye lazima awe na kibali: picha mbili ndogo mdomo ukiwa wazi, wadhamini wawili, na maelezo ya dharura anayoitarajia. Ila Bi Valeria, kwa heshima ya msiba wake, akapewa Cheti Namba Moja, ruhusa ya kupiga yowe popote, wakati wowote, maisha yake yote. Akapigwa picha nacho. Alipofika nyumbani akakitia chini ya godoro, akaja kwangu.

"Mama Sikudhani, mimi nilisema watazame," akaniambia. "Hizi hesabu wamezitoa wapi?"

"Wao wamesoma, dada."

"Hata mimi nimeshona suruali za wasomi," akasema. "Miguu ni miwili kama yetu."

*

Sitaki kuwa mwongo. Mwaka wa kwanza sheria ilifanya kazi, tena vizuri.

Kulikuwa na kijana mmoja mwizi wa kuku, wanamwita Chogo. Akakamatwa na kuku wa Mwalimu Kibwana, watu wakafika watatu, wengine sote tukabaki milangoni tumeng'ang'ania fremu kama watu wa melini. Wale watatu, kwa kuwa walikuwa wachache, wakaogopa kumpiga. Kwa kuwa waliogopa kumpiga, wakamuuliza. Chogo akasema ana njaa. Kuku akarudi bandani, Chogo akapewa chai na vitumbua vyangu viwili, akaosha na kikombe.

Bi Valeria alikuwa amekaa pembeni anatazama. Alilia mpaka ushungi ukalowa.

"Unalia nini sasa, dada?" nikamuuliza. "Si hili ulilolitaka?"

"Ndilo," akasema. "Na Ladislaus wangu angekunywa chai hiyo, si ndiyo? Mngempa tu."

Nilimwongezea sukari.

Kwa hiyo usinisikie nasimulia ukadhani nasema sheria ilikuwa mbaya. Walikuja watu wa mjini, Umoja wa Kutetea Uhuru wa Koo, wakatugawia fulana na kutuambia kila raia ana haki ya kuliitikia yowe kwa idadi anayoitaka na kwa silaha anayoitaka. Kiongozi wao anaishi ndani ya ukuta wenye vipande vya chupa juu na mbwa wanne uani. Mzee Sudi alimuuliza, "Na tukimkosea mtu tena?" Akajibu kuwa hiyo ni gharama ya uhuru. Bi Valeria alikuwa hapohapo anashona kifungo cha mtu. Hakuinua uso. Mtu mmoja akavua ile fulana, halafu mwingine.

Tekla wakati huo alikuwa na miaka mitano anaelekea sita. Mtoto yule alikuwa na roho yangu. Hakupita mlango bila kuchungulia. Alikuwa anakuja barazani kwangu asubuhi na sare yake ya chekechea, bibi yake kaiacha pindo refu ili aikulie, anakaa kwenye kigoda, ananong'ona.

"Bibi, Mama Nasra kakaanga samaki lakini kafunga dirisha."

"Wakubwa?"

"Wakubwa. Vichwa viwili."

"Haya, chukua kitumbua."

Hicho ndicho kilikuwa kibarua chake. Bi Valeria alininunia: "Unanifundishia mtoto umbea." Nikamwambia umbea ni ulinzi wa mtaa, bure, na hauhitaji kibali. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu feni ile. Akasema, "Basi mwangalie vizuri. Huyu ndiye niliyebakishiwa." Nikasema, "Kwangu pana watu saa zote, atapotelea wapi?"

*

Mambo yaligeuka siku ya moto wa jiko la Mama Nasra. Yowe fupifupi, watu watatu wakafika kwa utaratibu, wakasaini daftari. Moto wenyewe haukuwa umesomeshwa sheria, ulikuwa moto wa watu kumi na wawili. Mzee Sudi alisimama kwenye kibaraza cha duka lake la kinyozi akahesabu, mmoja, wawili, watatu, akatema mate, akachukua ndoo akaenda. Alikuwa wa nne. Jiko liliungua, nyumba ikapona, mzee Sudi akakamatwa na Bwana Chilemba, Afisa Yowe wa Kata, na ndoo ikachukuliwa kama kielelezo.

Tulikwenda mahakamani, tukaingia watatu watatu.

"Ulijuaje kwamba wewe ni wa nne?" hakimu akamuuliza.

"Niliwaona wale watatu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo uliona, ukahesabu, ukajua, na bado ukamwaga maji."

"Nyumba ilikuwa inaungua."

"Mahakama haijakuuliza habari za nyumba."

Miezi sita. Duka lilifungwa, na wanaume wa Sufuria Mbili wakafuga ndevu mpaka watoto wakawa hawawatambui baba zao. Na kuanzia siku hiyo tukajifunza hesabu. Yowe likipigwa, kabla hujavaa ndala unajiuliza: wangapi wako karibu zaidi yangu? Mtaa wetu ni wa watu wa kukimbia, tunajuana, kwa hiyo jibu likawa ni lilelile kila siku: watatu watakuwa wamekwisha fika. Tekla alikuwa ananiuliza, "Bibi, wewe ni wa ngapi?" Nikawa namwambia, "Mimi ni wa nne, mwanangu. Mimi siku zote ni wa nne."

Serikali ikaona kwamba hata watatu ni wengi. Ikaamua kutuletea king'ora cha taifa, kitakachopiga yowe kwa niaba ya wananchi wote kutoka juu ya nguzo ndefu. Wakaja wachimbaji, wakachimba shimo la nguzo kati ya nyumba yangu na ya Bi Valeria. Shimo lilikuwa pana kama mlango na urefu wa kwenda chini ni watu wawili waliobebana. Nguzo ikasemekana iko njiani. Ikawa njiani miezi minne.

Tulilifunika kwa mabati. Bwana Chilemba akaja akayaondoa.

"Nani aliwaruhusu kufunika mradi wa serikali?" akauliza.

"Kuna watoto hapa, afisa," Bi Valeria akamwambia.

"Mama, wewe ndiye mwanzilishi wa sheria hii. Wewe ndiye ungekuwa mfano."

Akasimika kibao badala ya mabati: HATARI, KWA IDHINI YA WIZARA. Bi Valeria akamshika Tekla mkono akampeleka mpaka kwenye kibao, akamsomea, akamwambia hapo hapana kucheza. Tekla alikuwa ndiyo kwanza anasoma silabi. Alisoma "ha" na "ta" akakubali kwa kichwa.

*

Ilikuwa masika, alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi ikakatika, na kwangu walikuwa wamejaa. Tulikuwa wanane sebuleni, chai ya tangawizi, na kisa cha mpwa wa Bwana Chilemba na mke wa dereva wa lori kilikuwa ndiyo kimefika patamu. Yowe likapigwa.

Tulilijua hapohapo ni la Bi Valeria. Halikuwa la moto, halikuwa la nyoka. Lilikuwa linapanda lakini halivunjiki. La msiba huvunjika. Hili lilikuwa bado linaomba.

"Ni Bi Valeria," nikasema.

"Huyo ana cheti," akasema mpangaji wangu wa chumba cha tatu, karani. "Yowe lake ni halali."

"Sasa je, twende."

"Twende wangapi? Tuko wanane. Watano hapa ni jela."

"Twende watatu, basi."

"Watatu gani?" akauliza mwingine. "Na kama kwa Mwalimu Kibwana wamekwisha toka? Pale pana vijana watatu wa kiume, tena wa mbio. Ukitoka wewe, wewe ni wa nne. Utamwambia hakimu nini, hukujua kuhesabu?"

"Mzee Sudi katoka juzi," mmoja akakumbusha. "Mmemwona meno yaliyobaki?"

Tulikuwa tumeyaona meno.

Yowe la pili likaja, na ndani yake kulikuwa na jina la mtoto. Nilisimama. Naapa nilisimama. Nilishika komeo la mlango. Karani akaniambia, kwa upole tu, "Mama Sikudhani, nyumba yako inatazamwa kuliko zote. Akikuona Chilemba, sote tumekwisha." Nikabaki nimelishika komeo. Lilikuwa la baridi kwa mvua.

La tatu. Halafu kimya.

Na mimi nitakuambia tulifanya nini kulipokuwa kimya. Tulishusha pumzi. Mtu mmoja alisema, "Mmeona? Wamefika." Na kwa kweli tulifurahi. Nikamiminia watu chai.

Baadaye nilikuja kuambiwa na Mwalimu Kibwana mwenyewe walichokuwa wanazungumza kwake dakika hizohizo. Kijana wake mkubwa alikuwa amevaa viatu, yuko mlangoni. Mwalimu akamzuia. Akamwambia, "Kwa Mama Sikudhani hapakosi watu wanane. Watakuwa wamekwisha fika zamani." Na kwa Mama Nasra wakasema hivyohivyo. Mtaa mzima ulikuwa unanihesabu mimi.

Aliyefika alikuwa mzee Sudi. Alikuwa anatoka sokoni, hakusikia yowe, mvua mpya ilikuwa inaanza. Alimkuta Bi Valeria amelala kifudifudi kwenye tope ukingoni mwa shimo, ameshusha kanga ndani, ameishika pembe kwa mikono miwili. Kanga ilikuwa haifiki. Alikuwa ameunga na ushungi, bado haifiki. Sauti ilikuwa imemkauka, anasema tu kwa pumzi, "Shika, mama. Shika. Wanakuja."

Mzee Sudi akaingia shimoni na nguo zake, maji ya mvua yakamfika kifuani. Akamtoa Tekla. Pindo la gauni la sare lilikuwa limefumuka, limeburuta refu kuliko miguu.

*

Tume iliundwa. Serikali ya Shwari haichelewi kwenye tume. Ilikaa barazani kwangu, kwa sababu ndipo penye viti, ikawahoji wakazi wote wa Sufuria Mbili waliokuwa nyumbani alasiri ile, watu mia mbili na kumi na moja.

"Ulisikia yowe?"

"Nilisikia."

"Kwa nini hukuitikia?"

"Nilikuwa wa nne."

Mimi nilijibu hivyo. Karani alijibu hivyo. Mwalimu Kibwana alijibu hivyo akaomba maji. Ripoti ilisomwa redioni. Ilisema kwamba Tume imejiridhisha kuwa watu wote mia mbili na kumi na moja walikuwa wa nne, na kwa kuwa hakupatikana wa kwanza, wa pili wala wa tatu, sheria haikuvunjwa mahali popote. Ilisema tena kwamba hii ni mara ya kwanza katika historia ya nchi kwa sheria kutiiwa na mtaa mzima bila kumkosa hata mmoja, na kwamba shimo, kwa kuwa lilikuwa na kibao, halina hatia.

Waziri akaja mwenyewe kutupa tuzo ya Mtaa wa Utulivu wa Mfano. Hema lilifungwa palepale, shimo likazungushiwa utepe wa rangi za taifa. Nguzo ilikuwa bado iko njiani. Bi Valeria aliketishwa meza kuu, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, kwa cheo chake cha mwanzilishi wa sheria. Alikuwa amevaa kaniki. Alikuwa amekuja kwa sababu alitumiwa gari na hakuwa na nguvu ya kukataa.

"Mama huyu," waziri akasema, na leso ya pili ikatoka, "ametoa mwana, ametoa na mjukuu, kwa ajili ya usalama wetu. Nani kati yetu ametoa zaidi? Maadui wa nchi wanasema sheria hii imeua. Nawauliza: je, kulikuwa na ghasia siku ile? Mtu alisukumwa? Mtu alikanyagwa? Mtaa ulikuwa kimya. Kimya kile, ndugu zangu, ndiyo amani yenyewe."

Watu wa wizara wakapiga makofi. Sisi tulitazama miguu yetu.

Tume ilikuwa imeona kwamba nyumba iliyoongoza kwa utii ni yangu, watu wanane ndani na hakutoka hata mmoja, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitwa kupokea tuzo. Ilikuwa fremu ya kioo, kubwa kama dirisha. Na wa kunikabidhi, kwa itifaki waliyoipanga wao, alikuwa Bi Valeria.

Nilikwenda. Alinitazama. Mimi na yeye tumekaa mtaa mmoja miaka thelathini, tumeazimana chumvi, mkaa na vibiriti, na sikuwahi kutazamwa vile. Hakukuwa na hasira. Alikuwa ananitazama usoni kama mtu anayetaka kuhakikisha asije akamkosea mwingine.

"Shika vizuri, Mama Sikudhani," akasema. "Ni nzito."

Waziri akamsogezea kipaza sauti. "Mama yetu, neno moja kwa taifa."

Alikisogelea. Sauti yake ilikuwa haijarudi, na mpaka leo haijarudi.

"Naomba kwenda nyumbani," akasema.

Akashuka jukwaani. Hakusubiri gari. Kwetu mfiwa harudi nyumbani peke yake, husindikizwa mpaka mlangoni, hilo hata mtoto analijua. Lakini tulikaa. Alipita katikati ya viti, anatembea akishika migongo ya viti, na tukaendelea kukaa. Mzee Sudi akainuka, mdomo wake wenye mapengo ameufumba. Akaanza kumfuata. Chogo mwizi wa kuku akainuka. Kijana wa Mwalimu Kibwana akainuka, baba yake akamshika shati, kijana akajivuta likaachia.

Watatu. Kila mtu alihesabu, hata watoto. Bwana Chilemba alikuwa amekwisha toa daftari.

Niliweka fremu chini, kwenye kiti changu. Nikainuka.

Nilisikia viti nyuma yangu, kimoja, kisha vingi. Sikugeuka. Bwana Chilemba alianza kuandika majina, akafika kumi na saba, akasimamisha kalamu, akabaki ameshika daftari wazi kama mtu anayesoma barua ya msiba. Waziri alikuwa anauliza msaidizi wake kama jambo hili limo kwenye ratiba. Tulitoka wote hemani. Tulipita nyumba yangu, tukapita kando ya shimo, hakuna aliyesema neno, watu wa Sufuria Mbili, watu wa maneno. Kulikuwa na sauti ya ndala tu.

Bi Valeria hakugeuka nyuma. Alifika mlangoni kwake, akatafuta ufunguo kwenye pindo la kanga, akafungua, akaingia. Tukasikia komeo linasukumwa kwa ndani.

Tulifika wote, watu mia mbili na zaidi, wengine tumesimama barazani, wengine kwenye tope mpaka barabarani. Mzee Sudi alipiga hodi mara moja. Hakujibiwa, na hakurudia. Tukasimama pale kwa muda mrefu, mikono mitupu, na hapakuwa na kitu chochote cha kufanya.